Nanaa Isiyopandwa kwa Mbegu

Ikiwa ulinunua pakiti ya mbegu iliyochorwa nanaa kali, ile yenye ladha ya peremende, nawe ukavuna majani yasiyo na ukali wowote, usiulaumu udongo wa Meru. Udongo wetu wa volkeno hauna kosa. Fedha yako ilipotelea kwenye mbegu.

Nanaa hiyo ni chotara. Wazazi wake ni nanaa ya majini, iotayo kandokando ya mito ya Ulaya, na nanaa ya kawaida tuitiayo katika biriani. John Ray wa Uingereza aliieleza mwaka 1696. Linnaeus wa Uswidi alipoipa jina mwaka 1753 aliihesabu kuwa jamii inayojitegemea. Kumbe ni kama nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi: ana nguvu, lakini hazai. Mbegu zake ni adimu mno, na mche utokanao nazo haufanani na mama.

Basi mwombe jirani kikonyo chenye urefu wa kidole. Pukutisha majani ya chini, kitie katika bilauri ya maji, na baada ya wiki moja au mbili kitatoa mizizi. Kipande katika debe kuukuu lililotobolewa chini, mahali penye unyevu na kivuli kidogo. Ukikipanda shambani, mashina yake hutambaa chini ya ardhi hadi kwenye sukuma wiki, na kuyang'oa ni kazi.

Debe la mlangoni lina faida nyingine: maji yake unayajua. Mito ya Themi na Naura hushuka kutoka mlimani ikapita mjini, na jani lililonyweshwa maji yaliyokwisha pita mjini lisiliwe bichi kabla ya kuoshwa barabara.

Jikoni, tafadhali usizichanganye nanaa hizi mbili. Chotara ina mentoli nyingi. Ukiitia katika biriani itazizima iliki na karafuu. Kwa biriani, na kwa chatni ya kulia sambusa, tumia ile ya kawaida. Chotara ni ya chai: majani manne au matano katika birika lililokwisha epuliwa, ufunike kwa dakika tano. Usiyachemshe, harufu itakwenda na mvuke. Mafuta yake ya chupani ni jambo jingine kabisa. Mtoto mchanga asipakwe usoni wala puani, yaweza kumbana pumzi.

Kata matawi asubuhi, umande ukishakauka, kabla maua hayajafunguka. Yatakayobaki yaanike kivulini.