Kauli ya Kutendana

Usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, mwanamke alipiga mayowe nyumba ya pili na yangu. Nilipotoka, bawabu alinituliza: "Ni mtu na mkewe, mwalimu, wanapigana." Nikarudi kulala. Asubuhi nilimwona jirani yule akianika nguo kwa mkono mmoja.

Mimi hufundisha isimu, na bado sikuipima sentensi ile. Kiambishi -an- katika "pigana" hudai watendaji wawili: huyu ampige yule, na yule ampige huyu. Usiku ule alisikika mmoja tu akilia. Hakukuwa na kupigana. Kulikuwa na mpigaji na mpigwa. Lakini kauli ya kutendana ilitugawia sote udhuru. Hata methali tunayojikinga nayo, ile ya kushika jembe ndugu wakigombana (ndugu, wala si mke na mume), imesimama juu ya kiambishi hicho hicho.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani humruhusu yeyote mwenye sababu ya kushuku kuwaarifu wenye mamlaka, naye hashtakiwi kwa habari aliyoitoa kwa nia njema. Nambari 1195 hupigwa bila malipo.

Walimu wenzangu, madarasani mwenu wamo watoto wa nyumba hizo. Mwanafunzi akiandika katika insha kwamba baba na mama walipigana, msisahihishe tahajia tu. Mwiteni kando, mumuulize kwa upole nani alimpiga nani.