Kamera ya 2012 Bado Inalipa Kodi ya Nyumba

Wacha niseme wazi ndio tusipotezeane wakati. Kama unataka kulipwa kwa kupiga picha za watu, na una pesa ya kununua kamera moja tu, tafuta DSLR ya kazi iliyotumika kabla hujakimbilia ile ndogo mpya isiyo na kioo unayoiona kwa kila video ya TikTok. Najua kuna wale washaanza kukasirika. Someni kwanza, mtanitusi mkimaliza.

Kinachonikera ni hii tabia ya kuaibisha wasee kwa sababu ya kamera. Tangazo linatupwa kwa grupu ya WhatsApp: anatafutwa mpiga picha wa pili, harusi ni Jumamosi, "mirrorless pekee, ukiwa na DSLR usijisumbue". Hakuna anayekuuliza umepiga harusi ngapi. Hakuna anayeuliza kama una flashi, au kama unajua kumpiga bibi harusi mweusi aliyevaa nguo nyeupe saa saba mchana bila kuharibu kimoja. Msee amefanya ruracio na mahafali kwa miaka mitano, anafungiwa nje. Kijana aliyenunua kamera wiki jana kwa mkopo wa simu ndiye anaitwa. Na huyo kijana usimwonee wivu, kwa sababu mkopo unaanza kudai kabla mteja wa kwanza hajalipa hata deposit.

Sasa hiki kioo kinachopiganiwa ni nini? Ndani ya DSLR kuna kioo kinachorudisha mwanga juu, hadi kwenye tundu lile unachungulia kwa jicho. Ukibofya, kioo kinainuka na mwanga unaifikia sensa. Kwa kamera isiyo na kioo, sensa inaona muda wote na wewe unaangalia skrini. Basi. Kioo chenyewe hakiongezi wala hakipunguzi uzuri wa picha. Kinachotengeneza picha ni mwanga, lenzi, sensa na wewe.

Tuweke mbili mezani. Ya kwanza ni Canon EOS 5D Mark III, ya 2012. Ya pili ni Canon EOS R50, ya 2023. Nimezichagua makusudi. Ile ya zamani iliundwa kwa watu wanaoishi kwa kupiga picha. Hii mpya iliundwa kwa watu wanaoanza, na ndiyo aina unayosukumiwa ukisema bajeti yako ni ndogo.

Anza na ile namba kila mtu anapenda kutaja, megapikseli. Ya zamani ina 22, mpya ina 24. Miaka kumi na moja katikati, na picha imeongezeka upana kutoka pikseli 5,760 hadi 6,000. Yaani umekopa pesa kwa sababu ya pikseli 240. Na hiyo picha ukiipeleka Instagram inapunguzwa hadi upana wa 1,080. Mteja akitaka ichapishwe A3 aitundike sebuleni, zote mbili zinatosha na chenji inabaki.

Sensa yenyewe sasa. Ya 5D Mark III ina milimita 36 kwa 24. Ya R50 ina 22.3 kwa 14.9. Piga hesabu: ile ya zamani ni kubwa zaidi ya mara mbili na nusu. Unajua hiyo inakusaidia wapi? Kwa sebule ya Umoja, siku ya ruracio, wageni arobaini wamejaa na wewe umebanwa kati ya kabati na friji. Lenzi ya 50mm kwenye sensa kubwa inaona kama 50mm. Kwenye sensa ndogo ya R50 inaona kama 80mm. Hapo utarudi nyuma upitie ukutani.

Halafu tuongee kuhusu lenzi, kwa sababu hapa ndipo watu wanachezewa. R50 kwa kawaida inauzwa na lenzi ya 18-45mm, ambayo uwazi wake unaanzia f/4.5 na unaishia f/6.3 ukivuta mbele. Mtu wa 5D Mark III akiweka ile 50mm ya f/1.8, lenzi ya bei ya chini kabisa ambayo imejaa kila mahali, anaingiza mwanga kama mara kumi na mbili kuliko f/6.3. Mara kumi na mbili! Ndani ya kanisa lenye balbu tatu, hiyo ndiyo tofauti kati ya picha na ukungu. Utaniambia R50 pia inaweza kuwekewa lenzi ya f/1.8. Ni kweli. Lakini hiyo ni pesa ingine, na uliambiwa ukinunua kamera mpya umemaliza.

Twende kwa vitu ambavyo hakuna video inakuonyesha. 5D Mark III ina nafasi mbili za kadi na inaweza kuandika picha moja kwa kadi zote mbili wakati huo huo. R50 ina nafasi moja. Harusi haifanywi mara ya pili. Kadi ikikufa baada ya viapo, utamwambia nini mama ya bibi harusi? Kwamba kamera yako ni ya kisasa?

Betri pia. Kwa kipimo rasmi cha kampuni, 5D Mark III inapiga picha kama 950 kwa chaji moja, kwa sababu kuchungulia kwenye tundu la kioo hakuli moto. R50 haifiki nusu ya hiyo, maana skrini inafanya kazi muda wote. Mahafali yanaanza asubuhi na yanaisha jioni, na pale uwanjani hakuna soketi. Ongeza mwili wa magnesiamu na mipira ya kuzuia vumbi na manyunyu, vitu ambavyo R50 haina, ndio uelewe kwa nini kamera ya zaidi ya miaka kumi bado inaamka asubuhi kwenda kazi.

Lakini sitawadanganya kama wale wanaowauzia. Kuna mahali ile ya zamani inachapwa vibaya.

Video ni moja. R50 inarekodi 4K, skrini inageuka ikuangalie, na fokasi inakufuata ukitembea. 5D Mark III inaishia 1080p, skrini imeganda mahali pamoja, na fokasi yake kwenye video itakufanya ulie. Kwa picha pia, R50 inatambua jicho la mtu na kulishikilia, hata akicheza. Ile ya zamani ina pointi 61 za fokasi, zimerundikana katikati, na kuchagua pointi ni kazi ya kidole chako. R50 inaweza kupiga kimya kabisa wakati wa maombi, huku 5D inasikika hadi kwa kwaya. Ile ya zamani ina karibu gramu 950, mpya ina 375, na shingo yako itajua hiyo tofauti kufika saa kumi. Tena ukipiga picha yenye giza kwa 5D halafu uinue vivuli sana kwenye kompyuta, mistari inajitokeza.

Kwa hivyo kama pesa yako inatoka YouTube na TikTok, unajirekodi mwenyewe chumbani, nunua R50 na usiangalie nyuma. Sina ubishi na wewe. Ubishi wangu ni na yule anayemwambia mpiga picha wa harusi na mahafali kwamba anahitaji kifaa cha kujirekodi ndio aheshimiwe.

Na nyinyi wazee wa DSLR msinishangilie sana. Tunajua upepo unavuma wapi. Canon walileta mfumo wao wa RF mwaka wa 2018, na nguvu yao yote iko huko. DSLR mpya za kazi haziji tena, na vipuri vitazidi kuadimika. Ndio maana nasema nunua sasa ya kukuzalishia, usinunue ya kuoa. Uzuri ni kwamba lenzi za EF, ambazo Canon wanazitengeneza tangu 1987, zinaingia kwenye kamera mpya kwa adapta na fokasi inafanya kazi. Ukianza na mwili wa zamani na lenzi nzuri, siku umeomoka unabadilisha mwili tu, lenzi unahama nazo. Aliyeanza na mwili mpya na lenzi ya f/6.3 atanunua tena kila kitu.

Ukienda kununua ile ya zamani, usiende na macho pekee. Uliza shata imebofywa mara ngapi, maana kwa 5D Mark III ilipimwa ifike 150,000. Angalia sindano ndani ya nafasi ya kadi ya CF, zikipinda utalia. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone uchafu wa sensa. Mulika lenzi na tochi ya simu utafute kuvu, hasa kama imeishi Pwani kwa ile hewa ya unyevu. Jaribu kadi zote mbili. Muuzaji akikuharakisha, rudi nyumbani na doo zako.

Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Kidonda hapa ni deni. Mtu wa miaka ishirini na mbili anakatwa kila mwezi kwa sababu ya kamera, anakubali kila kazi ya bei ya kutupa ndio awahi tarehe ya mkopo, na bei ya kila mtu mtaani inashuka naye. Wanaofaidika ni muuzaji, mkopeshaji, na yule wa video anayepewa kamera bure aisifu. Mteja wako hayuko kwa hiyo orodha. Yeye anataka kuona mama yake akilia kwa furaha, picha isiwe na ukungu, na ipatikane kabla ya wiki mbili.

Kwa hivyo nyinyi mnaoweka matangazo ya kazi, futeni hayo maneno "mirrorless pekee". Kama mnataka video ya 4K, semeni mnataka video ya 4K. Kama mnataka picha, ombeni mtu awatumie picha ishirini za harusi moja, kutoka nyumbani kwa bibi harusi hadi keki ikikatwa. Mtajua kila kitu mnachohitaji bila kuuliza alinunua nini.

Na kama unaona nimekosea, nipinge, niko hapa. Lakini ukuje na picha. Risiti ya kamera wachia duka.