Jina la Chablis Si Mali ya Kuokota

Leo nasema habari ya wizi. Walioibiwa ni wakulima wa Chablis, mji mdogo wa Ufaransa ulio kando ya mto Serein, kusini-mashariki ya Paris. Kilichoibwa ni jina lao. Aliyeiba hakuvunja mlango wala hakukamatwa, maana sheria ya nchi yake ndiyo iliyomfungulia. Nanyi msiokunywa divai msigeuze ukurasa: simhimizi mtu kunywa, natetea jasho la mkulima.

Divai ya Chablis ni nyeupe, haina utamu wa sukari, ina ukali kidogo ulimini. Hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, Chardonnay. Mizabibu iliyo bora imesimama katika udongo wa chokaa uliojaa makombe ya chaza wadogo, waliokufa baharini yapata miaka milioni 150 iliyopita. Na tazameni ajabu yake: chakula kinachopatana na divai hiyo kuliko vyote ni chaza, wabichi, wenye maji yao ya chumvi. Ukali wake hufanya kazi ile ile ya ndimu juu ya samaki. Wenyeji huinywa pia kwa konokono waliopikwa kwa siagi na kitunguu saumu, kwa paja la nguruwe lililotiwa mchuzi wa divai hiyo hiyo, na kwa jibini ya mbuzi. Wapo wanaodhani kwamba mambo ya divai na chakula yalibuniwa na mabwana wa hoteli kubwa ili kuwatisha wageni. Sivyo. Konokono na jibini ni vitu vya nyumbani kwa mkulima.

Jina hilo limelipiwa. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu phylloxera aliangamiza mashamba. Mwaka 1957 jalidi iliunguza machipukizi hata mavuno yakawa haba sana. Aprili 2021 ikarudi tena. Usiku wa baridi wakulima hukesha wakiwasha moto katikati ya mizabibu, au huinyunyizia maji ili barafu ifunike chipukizi na kulikinga. Mwaka 1923 waliungana wakaanzisha chama chao cha ushirika, La Chablisienne. Mwaka 1938 sheria ya Ufaransa ikaweka mipaka: nje ya hapa, si Chablis. (Wao wenyewe waligombana sana juu ya mipaka hiyo, lakini waligombana nyumbani kwao.)

Sasa geukeni California. Huko matajiri wa divai walichukua zabibu za bei rahisi za aina yo yote, wakaweka divai katika chupa kubwa kubwa, mara nyingi yenye utamu, wakaandika juu yake: Chablis. Katika miaka ya 1960 waliuza hata Chablis ya rangi ya waridi! Je, umepata kusikia maziwa meusi?

Wakiulizwa hujibu kwamba jina limekwisha kuwa la watu wote, maana yake divai nyeupe basi. Haya, mpeni mtu chaza, na kando yake divai hiyo tamu. Utamu na chumvi vitagombana kinywani, naye atatoka akisema Chablis ni kitu kibaya. Hasara hiyo atailipa nani? Ni yule aliyekesha penye moto.

Mwaka 2006 Marekani na Umoja wa Ulaya zilipatana: mtu mpya asilitumie jina hilo, bali wenye vibandiko vya zamani waendelee. Yaani aliyeiba mapema amepewa hati! Australia, katika mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2008, ilikubali kuliacha, na wakulima wake hawakufa njaa.

Twataka matajiri hao waandike: divai nyeupe ya California. Jina hilo lina ardhi yake na wakulima wake, na hakuna atakayewadai.