Si Kila Maumivu ya Tumbo ni Alsa

Ukiumwa na tumbo mtaani kwetu, utapimwa na watu watatu kabla ufike kwa daktari: mathe, jirani, na jamaa wa kemisti. Wote watakuambia ni alsa. Binamu yangu wa Kayole aliambiwa hivyo kwa wiki tano. Akanunuliwa dawa za alsa, akaacha maharagwe na pilipili, akawa anakunywa maziwa kama mtoto. Uchungu ulikuwa unamshika upande wa kulia chini ya mbavu, hasa akila chipo, unapanda hadi begani. Siku macho yalianza kuwa manjano ndiyo tulimkimbiza hospitali. Skani ikaonyesha mawe kwenye kibofu cha nyongo, na moja lilikuwa limeteleza likaziba njia.

Daktari akauliza swali ambalo sisi wote hatukuwa tumeuliza: unatumia dawa gani? Kimya. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema amekuwa akijidunga sindano ya kupunguza mwili aliyoagiza Instagram.

Manze, mimi nilidhani mawe ya nyongo ni ya wazee. Nikaenda kusoma. Dawa za familia ya Ozempic zinafanya kibofu cha nyongo kijikamue polepole. Nyongo inatoka kwa ini, inangoja hapo hadi ule mafuta. Sasa wewe huli, nyongo inakaa tu, na mwili unaopungua kwa kasi unaimwagia kolesteroli zaidi. Inakuwa nzito, inaganda, mawe hayo. Mwaka wa 2022 jarida la JAMA Internal Medicine lilijumlisha majaribio 76 yenye watu zaidi ya 103,000, likapata hatari ya magonjwa ya nyongo inapanda kwa asilimia 37. Kwa hesabu ya mtaani, hao ni kama watu 27 zaidi kwa kila 10,000 kwa mwaka. Si wengi. Lakini hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa dozi za juu, kwa waliotumia muda mrefu, na kwa wanaotafuta kupunguza uzito. Yaani sisi.

Na si hizo tu. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni navyo vinaongeza hatari kidogo. (P2 haina estrojeni, kwa hivyo msianze kupaniki kwa komenti.) Halafu kuna seftriaksoni, ile sindano ambayo kemisti zingine zinadunga mtu kwa kila homa. Inaweza kushikana na kalsiamu ndani ya nyongo ikafanya kama mchanga. Mara nyingi mchanga huo unaisha dawa ikikoma, lakini utajuaje kama hata hukuambiwa umedungwa nini?

Sisemi dawa ni mbaya. Ozempic ilipitishwa Marekani Desemba 2017 kwa ajili ya kisukari, na kama shosho yako ameandikiwa, asiache kwa sababu ya kijana wa TikTok aliyeacha chuo. Ninachopinga ni hii biashara ya sindano kuletwa na boda bila karatasi, bila mtu kukuuliza kama ushawahi kuwa na mawe.

Na hapa lazima niseme ukweli. Mwaka jana nililipwa elfu nane kutangaza dawa ya kupunguza tumbo. Video ya sekunde arobaini. Sikuuliza ndani kuna nini. Binamu yangu hakununua kwangu, nimemwuliza mara mbili, lakini kuna watu walioandika "bei?" pale chini na nikawatumia namba. Nimeifuta. Wale watu siwezi kuwafuta.

Kama ni wewe na una ule uchungu, nenda hospitali na pakiti za kila kitu unachomeza au kujidunga, hata zile za aibu. Ukiona macho ya manjano au homa na kutetemeka, usingoje asubuhi. Na kama dawa imekuumiza, Bodi ya Famasia na Sumu inapokea ripoti mtandaoni kutoka kwa mtu yeyote, si madaktari pekee. Tuliijaza pamoja kitandani kwake, simu ikiwa na chaji asilimia sita.

Muuzaji mwingine alinitumia ujumbe jana. Huyu anatoa elfu kumi na tano. Nilimwuliza kama amewahi kusikia kuhusu kibofu cha nyongo. Tiki za bluu, hadi sasa.