Tumechoka Kuambiwa Ni Mafua

Sisi wauguzaji wa Bonde la Ufa tuna kilio, na kimetukaa rohoni muda mrefu. Uvimbe unamtoka mtu shingoni, chini ya sikio, mgumu, hauumi. Anaenda zahanati, anapewa dawa za tezi. Anarudi, anaongezewa. Mwingine anaanzishiwa dawa za kifua kikuu, anazimeza miezi mingi, na hakuna aliyekata kinyama cha uvimbe ule akakipima.

Huku pua imeziba upande mmoja tu. Asubuhi kamasi inatoka na michirizi ya damu. Sikio la upande uleule linavuma, kusikia kunafifia. Sikio huandikiwa matone, pua huandikiwa dawa ya kupuliza, kichwa tembe za maumivu. Nani amekaa akaziweka dalili hizo pamoja?

Dalili hizo zikiwa pamoja zinaweza kuwa za saratani, nayo hujificha nyuma ya pua, juu ya koo. Kumulika tochi mdomoni hakutoshi. Lazima kamera nyembamba ipitishwe puani, na kamera iko kwa daktari wa masikio, pua na koo, naye yuko mjini. Tunapomfikia, ugonjwa umeshapanda hadi kwenye fuvu. Mama anaona vitu viwili viwili. Kope limelegea, shavu limekufa ganzi, taya limekaza hata kijiko hakipiti, na uji anaojitahidi kuumeza unamrudia puani. Hapo ndipo tunaulizwa, "Mbona mmechelewa?"

Tumechelewa wapi, na kadi ya kliniki imejaa mihuri? Wapo walioenda kwa mganga, ndiyo. Waulizeni walienda baada ya dozi ya ngapi.

Kinachotuchoma zaidi ni kwamba ugonjwa huu si mgeni Kenya. Daktari Peter Clifford aliandika kuuhusu akiwa Nairobi katika miaka ya 1960. Na ni saratani inayosikia mionzi: ikigunduliwa mapema, wengi hupona. Hilo tuliambiwa tukiwa tayari kwenye foleni ya mionzi, mbuzi wameshauzwa kwa ajili ya nauli na vipimo.

Tunachodai si kikubwa. Mtu mzima mwenye uvimbe wa shingo ambao haujaisha baada ya dozi moja asiandikiwe ya pili. Aandikiwe rufaa, siku hiyohiyo, na huko anakotumwa akute daktari na kamera inayofanya kazi.