Nyumba Iliyochukua Jina la Manowari

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, juu kidogo ya bandari ya majahazi, pana nyumba kubwa ya mawe iitwayo Leven House. Wengi wapitao hudhani ilijengwa na Wazungu. Sivyo. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na jamaa ya wafanya biashara matajiri.

Siku zile vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na tajiri alitaka nyumba iliyo ghala na maskani pamoja. Kwa desturi mali ilikaa chini, pembe na ngozi na nafaka, na watu wakakaa juu penye upepo. Kuta zilikuwa nene, za matumbawe na chokaa. Vyumba vya nyumba za namna hiyo ni virefu na vyembamba, wala si kwa upungufu wa ujuzi: fundi alifuata urefu wa boriti za mkoko, nazo hazivuki mbali bila kupinda.

Basi jina la kigeni lilitoka wapi? Mwezi wa Februari 1824 Kapteni William Owen, aliyekuwa akipima pwani, aliingia Mombasa na manowari yake Leven. Wamazrui walimwogopa Seyyid Said wa Oman, wakaomba ulinzi wa Waingereza, Owen akakubali. Luteni Reitz aliyeachwa kutawala alikufa kwa homa mwaka ule ule, na hori ya Port Reitz yaitwa kwa jina lake. Luteni Emery akashika mahali pake hata 1826, ndipo ulinzi ukaondolewa, kwa kuwa Serikali ya Uingereza haikuukubali.

Miaka miwili na kitu tu! Hata hivyo manowari iliyopita imeiachia nyumba jina, na jamaa waliotoa fedha, wakachoma chokaa na kupandisha boriti, hawatajwi mlangoni. Mwenye nyumba ya babu yake, na asiyeandika popote ilijengwa na nani, na aliangalie hilo.

Baadaye nyumba ilikaliwa na wamisionari, na maofisa wa Kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati mwaka 1888, na Wadachi pia. Kisha ikachakaa sana, mpaka Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalipoitengeneza. Karibu nayo ngazi zateremka mpaka baharini, penye kisima ambapo mabaharia walijaza mapipa yao maji baridi. Hizo nazo huitwa Ngazi za Leven.