Projekta Yetu Ifungwe Wapi?



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme machache juu ya projekta tuliyoipata. Tangu ifike, maneno yamekuwa mengi. Wengine wataka ikae mezani. Wengine wataka ifungwe juu katika darasa la mwisho, maana hao ndio wenye mtihani. Mimi nayakataa yote mawili.

Meza haifai, tumekwisha kuiona. Mwalimu akisimama kutuonyesha moyo wa binadamu, kivuli chake chaufunika moyo wote, na anayetoka nje hujikwaa katika waya. Tena Buterere yetu ni bondeni, karibu na ziwa. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayabishi hodi. Kitu cha umeme chenye thamani hakiwekwi chini.

Basi iwe juu. Lakini vyumba vyetu havina dari, ni mabati matupu, na mchana joto la huko ni kama la tanuri. Projekta nayo ina joto lake, hupumua kwa feni. Kwa hiyo ifungwe kwenye boriti nene, ishushwe kwa bomba la chuma mbali na bati, hata mtu mwenye ngazi fupi aweze kuifuta vumbi la kiangazi.

Wako wadhanio kwamba ikirudishwa nyuma kabisa picha itakuwa nzuri zaidi. Kubwa, ndiyo. Yetu ikiwa mita 3 kutoka ukutani, picha ina upana wa mita 2; ikiwa mita 6, upana ni mita 4, lakini mwanga ni ule ule, umetandazwa mahali pakubwa mara nne, nayo picha hufifia. Lenzi pia iuelekee ukuta sawasawa. Ikiinamishwa, picha hupanuka chini kama kanzu.

Na chumba? Darasa la mwisho lina madirisha ya magharibi. Alasiri jua likishukia milima ya Kongo, ukuta wote hung'aa, na picha haionekani. Maabara ina madirisha machache, wala si darasa la mtu. Kila darasa litaingia kwa zamu. Wenzetu wa juu wana mtihani, ni kweli, lakini mtihani huo huo watungoja na sisi, nasi hatujaona hata picha moja vizuri.

Ufunguo na ukae kwa Mkuu wa shule. Ngazi tutaiazima kwa fundi jirani, nami nitaishika.